Noguchi, aliyekipa jina kijidudu cha panya kisha kikampoteza njia

PANYA wa Kibera hangoji kukaribishwa. Usiku unapoingia hupenya kwenye mianya ya mabati na kuta za udongo, hupita juu ya sufuria, hunusa unga, na kufikia alfajiri huwa amekojoa mahali ambapo mtoto atakanyaga akienda kuteka maji. Mnamo Septemba na Oktoba 2008, watafiti waliwatega panya katika mtaa huo wa mabanda jijini Nairobi na kuwachunguza figo. Kati ya panya 224 waliopimwa, 41 walipatikana na kijidudu kiitwacho Leptospira. Hiyo ni takriban asilimia 18, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2013.

Kijidudu hicho hukaa katika figo za panya bila kumdhuru, hutoka pamoja na mkojo, huishi katika maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu, kisha huingia katika mwili wa binadamu au mnyama kupitia kidonda, jicho au mdomo. Maradhi yake, ambayo wizara ya afya ya Tanzania huyaita homa ya mgunda, huanza kwa homa na maumivu ya misuli, na wengi huyadhania kuwa malaria. Yakizidi, macho hugeuka rangi ya manjano, figo hushindwa kufanya kazi, na damu huweza kuvuja mapafuni. Ng'ombe na nguruwe huharibu mimba. Mbwa huugua ini na figo hadi kufa.

Aliyetunga jina Leptospira alikuwa Mjapani mfupi wa kimo aliyelemaa mkono wa kushoto, Hideyo Noguchi. Alilitunga jijini New York baada ya kuchunguza panya wa jiji hilo. Kijidudu hicho ndicho kilichompa sifa duniani kote, na ndicho kilichompoteza njia kwa miaka kumi, hadi akafia Accra mnamo 1928 akitafuta ushahidi wa jambo ambalo halikuwa kweli. Chanjo aliyoitengeneza ilipewa maelfu ya watu wa Marekani ya Kusini na ya Kati dhidi ya ugonjwa ambao haikuweza kuuzuia.

Noguchi alizaliwa Novemba 1876 katika familia ya wakulima maskini karibu na Ziwa Inawashiro, mkoa wa Fukushima, kaskazini mwa Tokyo. Jina alilopewa lilikuwa Seisaku. Baba alikuwa mtu wa pombe, na mzigo wote wa nyumba ulimwelemea mama, Shika, aliyekuwa akilima na kufanya vibarua. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alitumbukia katika shimo la moto lililokuwa katikati ya nyumba. Vidole vya mkono wa kushoto viliungua vikashikamana.

Katika kijiji cha wakulima, mtoto asiyeweza kushika jembe kwa mikono miwili huonekana hana kesho. Shika aliamua kwamba huyu wake ataishi kwa kichwa, akamsomesha kwa jasho lake. Mama huyo mwenyewe hakuwa amepata elimu, na baadaye, mwanawe akiwa ng'ambo, alijikaza kuandika herufi moja moja ili amtumie barua ya kumsihi arudi nyumbani. Barua hiyo imehifadhiwa hadi leo na ni maarufu mno nchini Japani.

Mwalimu mmoja wa shule, Sakae Kobayashi, alivutiwa na akili za kijana huyo na kumshika mkono. Wanafunzi na walimu walichanga fedha, na mnamo 1892 daktari mmoja aliyekuwa amesomea Marekani akampasua mkono na kuvitenganisha vidole. Haukupona kabisa, lakini kijana alitoka pale akiwa amekata shauri kuwa daktari. Alijiunga na zahanati ya daktari huyo huyo kama mwanafunzi, akajifunza lugha za kigeni usiku, akaenda Tokyo mwaka wa 1896, na mwaka uliofuata akapata leseni ya udaktari akiwa bado hajatimiza miaka 21.

Mkono ule, hata hivyo, ulimwia vigumu mbele ya wagonjwa, akaona heri maabara. Aliajiriwa katika taasisi ya Shibasaburo Kitasato, mtaalamu mkuu wa vijidudu nchini humo. Wakati huo alikuwa ameshabadili jina na kujiita Hideyo, baada ya kusoma riwaya iliyokuwa na mwanafunzi wa udaktari mbadhirifu ambaye jina lake lilikaribia sana lake la zamani. Aibu ile ilikuwa na sababu. Noguchi alikuwa mkopaji asiyechoka, na fedha hazikukaa mfukoni mwake. Wafadhili walimlipia madeni mara kwa mara, naye akaendelea kukopa. Waandishi wengi wa maisha yake hulipita jambo hili haraka, ilhali linasaidia kumfahamu: alikuwa mtu wa kuharakisha, wa kutaka jambo litimie leo, gharama ijulikane kesho.

Mwaka wa 1899, Simon Flexner, profesa kutoka Marekani, alipitia Japani, na Noguchi akawekwa kuwa mkalimani. Profesa alimpa maneno ya adabu ya kumtia moyo. Noguchi aliyachukua kama mwaliko, na Desemba 1900 akabisha mlangoni mwa Flexner mjini Philadelphia, hana kazi wala fedha. Flexner, kwa mshangao, akampa kazi ya kuchunguza sumu ya nyoka. Kazi ile aliifanya vyema mno. Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba ilipofunguliwa New York, chini ya Flexner huyo huyo, Noguchi alikuwa miongoni mwa watafiti wake wa kwanza, kuanzia 1904.

Pale New York alijulikana kama mtu asiyelala. Mwaka wa 1911 alitangaza kwamba amefaulu kukuza kijidudu cha kaswende katika chupa. Hakuna maabara nyingine iliyoweza kurudia alichofanya. Mwaka wa 1913 alionyesha kwamba kijidudu hicho kimo ndani ya bongo za wagonjwa wa akili waliopooza, na ugunduzi huo haujapingwa hadi leo. Mambo hayo mawili yalitoka katika mikono ile ile, kwa bidii ile ile, na dunia ya wakati huo haikuwa na njia nyepesi ya kuyatofautisha.

Kuna doa jingine. Katika miaka ya 1911 na 1912 alijaribu dawa ya kupimia kaswende kwa kuwadunga watu wapatao 400 katika hospitali na vituo vya New York. Kati yao, 146 hawakuwa na kaswende, na baadhi walikuwa watoto mayatima. Hawakuombwa ridhaa. Magazeti yalipiga kelele, watetezi wa watoto wakadai ashtakiwe, lakini hakuna mashtaka yaliyofuata.

Wakati huo huo, kule Japani, Ryukichi Inada na Yutaka Ido wa chuo kikuu cha Kyushu walikuwa wakichunguza maradhi yaliyowaua wachimbaji wa makaa ya mawe na wakulima wa mpunga: homa, macho ya manjano, kuvuja damu. Madaktari wa Ulaya waliyajua maradhi hayo kwa jina la Mjerumani Adolf Weil, aliyeyaeleza mwaka wa 1886. Katika miaka ya 1914 na 1915, Inada na Ido walikipata kijidudu chenyewe, chembamba kama uzi uliosokotwa, wakaonyesha pia kwamba panya hukibeba.

Noguchi alipata vielelezo kutoka Japani na Ulaya, akawakamata panya wa New York na kuvilinganisha. Aliona kwamba kijidudu ni kimoja, na kwamba umbo lake, lenye misokoto ya karibu karibu na ncha zilizopinda kama ndoana, halifanani na jamaa zake wanaoleta kaswende. Mwaka wa 1917 alipendekeza kiwekwe katika ukoo wake, akauita Leptospira, yaani msokoto mwembamba. Hapo hakukosea. Jina hilo ndilo watafiti wa Kibera waliloliandika karibu karne moja baadaye.

Kosa lilikuja mwaka mmoja tu baada ya hapo. Julai 1918 Noguchi aliwasili Guayaquil, bandari ya Ecuador iliyokuwa ikisumbuliwa na homa ya manjano. Alichukua damu ya wagonjwa, akaidunga katika simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, na baada ya muda mfupi akaona vijidudu vya Leptospira chini ya hadubini. Akavipa jina Leptospira icteroides na kutangaza kwamba amekipata chanzo cha homa ya manjano.

Tangazo hilo lilikwenda kinyume na kazi iliyokwisha kufanyika. Huko Cuba, Walter Reed na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka wa 1901 kwamba chanzo cha homa ya manjano ni kidogo kiasi cha kupenya vichujio vinavyozuia bakteria, na kwamba huenezwa na mbu. Homa ya manjano na ugonjwa wa Weil hufanana mno mgonjwa anapotazamwa kwa macho: homa, manjano, damu. Bila shaka baadhi ya wagonjwa aliopelekewa Noguchi kitandani walikuwa na ugonjwa wa panya, si wa mbu. Yeye, aliyekuwa na kijidudu cha panya akilini tangu New York, alikiona alichokwenda nacho.

Ecuador ilimpa cheo cha heshima katika jeshi lake. Taasisi ikatengeneza chanjo kwa kuviua vijidudu vile, na katika miaka iliyofuata ikadungwa watu wa Ecuador, Peru, Mexico, Brazil na kwingineko. Homa ya manjano ilipopungua, chanjo ikasifiwa. Kilichoipunguza hasa ni kampeni ya kuua mbu na kufunika mapipa ya maji, iliyokuwa ikiendeshwa sambamba na uchanjaji huo. Mcuba Aristides Agramonte, aliyekuwa katika kundi la Reed, alimpinga Noguchi hadharani mwaka wa 1924.

Pigo kubwa lilitoka Harvard. Mwaka wa 1926, Max Theiler na Andrew Watson Sellards walionyesha kwamba Leptospira icteroides haina tofauti na kijidudu cha ugonjwa wa Weil. Theiler alikuwa mwana wa Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyejenga kituo mashuhuri cha utafiti wa magonjwa ya wanyama cha Onderstepoort, Afrika Kusini. Mwaka uliofuata, katika Afrika Magharibi, kundi la Adrian Stokes liliambukiza homa ya manjano kwa kima kutoka India kwa kutumia damu ya mtu mmoja wa Gold Coast, Ghana ya sasa, aliyeitwa Asibi. Chanzo kilikuwa virusi. Asibi alipona. Stokes aliambukizwa akafa Lagos, Septemba 1927.

Mtu mwingine angeandika makala fupi ya kukiri kosa na kurudi maabarani. Noguchi alipanda meli. Aliwasili Accra Novemba 1927 na kuwekewa maabara katika kituo cha utafiti cha serikali ya kikoloni, ambako daktari Mwingereza, William Alexander Young, alimpa msaada. Alifanya kazi usiku, akatumia mamia ya kima, na alificha mengi hata kwa wenzake. Hakukipata kijidudu chake katika wagonjwa wa Afrika Magharibi. Mei 1928, akiwa karibu kurejea New York, aliugua baada ya safari ya Lagos. Alifariki Accra tarehe 21 Mei kwa homa ya manjano, akiwa na umri wa miaka 51. Young, aliyeuchunguza mwili wake, naye aliambukizwa, akafa kabla ya mwezi huo kumalizika.

Virusi vilivyotoka katika damu ya Asibi ndivyo Max Theiler alivyovilegeza hadi akapata, mwaka wa 1937, chanjo iitwayo 17D. Chanjo hiyo ingali inatumika kote duniani, na Mkenya anayedungwa kabla ya safari hupewa mzao wa virusi vile. Theiler alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951. Noguchi, aliyependekezwa mara kadhaa, hakuipata.

Nyumbani hakusahauliwa. Kuanzia 2004 hadi 2024 sura yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 1,000, hadi ilipotolewa noti mpya yenye sura ya Kitasato, mkuu wake wa zamani. Ghana ina taasisi ya utafiti wa tiba yenye jina lake tangu 1979. Na mwaka wa 2008, serikali ya Japani ilipotoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, mmoja wa washindi wawili alikuwa Mkenya, Profesa Miriam Were, aliyejulikana kwa kuipeleka huduma ya afya vijijini kupitia wanajamii wenyewe. Hiyo ilikuwa Mei. Miezi minne baadaye mitego ya panya iliwekwa Kibera.

Swali lililomshinda Noguchi, yaani chanjo hii inalenga kijidudu gani hasa, lingali linawasumbua wanaotengeneza chanjo za homa ya mgunda kwa wanyama. Leptospira zina aina zaidi ya 250. Chanjo zilizoko kwa mbwa, ng'ombe na nguruwe hutengenezwa kwa njia isiyo mbali na ile ya enzi zake: vijidudu hukuzwa, huuawa, hudungwa. Mwili wa mnyama hujifunza kulitambua gamba la nje la kijidudu, na gamba hilo hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine. Mbwa aliyechanjwa dhidi ya aina mbili au nne hukingwa dhidi ya hizo na jamaa zake wa karibu. Aina nyingine ikimfikia, ni kama hakuchanjwa. Kinga yenyewe hudumu takriban mwaka mmoja, kisha sindano irudiwe. Aidha, kuna chanjo zinazomwepusha mnyama na ugonjwa bila kumzuia kabisa kubeba vijidudu figoni na kuvimwaga katika mkojo.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wanatafuta chanjo iliyo bora, itakayolenga protini zinazopatikana katika aina zote zenye madhara badala ya gamba linalobadilika. Kazi hiyo ilipata nguvu mwaka wa 2003, ramani kamili ya jeni za Leptospira ilipochapishwa kwa mara ya kwanza. Katika maabara, baadhi ya protini hizo zimewakinga wanyama wadogo wasife. Chanjo ya kukinga dhidi ya aina zote haijafika dukani.

Kabla haijafika, jambo la kwanza ni kujua aina zilizopo. Afrika Mashariki ina zake. Morogoro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamevikuza vijidudu kutoka kwa ng'ombe na panya, na aina moja ikapewa jina la chuo hicho, Sokoine. Nyingine, ya kundi tofauti, inaitwa Kenya. Umuhimu wa kujua ulionekana Julai 2022 katika mkoa wa Lindi, watu walipougua homa na kutokwa damu puani. Walipimwa Ebola na Marburg, hawakuwa nazo, na wengine walikuwa wamekufa kabla ya kubainika kwamba ni homa ya mgunda.

Magharibi mwa Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017 ulipata dalili za kuambukizwa katika damu ya wafanyakazi 99 wa vichinjio kati ya 737. Kawangware, upande wa pili wa Nairobi ya magharibi kutoka Kibera, ni mtaa ambao nguruwe, mbuzi na mbwa huchakura taka kando ya njia na mitaro wanakopita watu. Vichinjio vya Dagoretti haviko mbali. Maabara za mifugo za Kabete ziko jirani vilevile, na kutoka huko ndiko Robert Daubney na wenzake walikoitangazia dunia Homa ya Bonde la Ufa mwaka wa 1931. Wataalamu wa kuzikuza na kuzitambua aina za Leptospira za mitaa hiyo, kwa hivyo, hawangehitaji kusafiri kwa meli kama Noguchi.

Chanjo ya mbwa inayouzwa Nairobi hutengenezwa ng'ambo, na kwenye kichupa chake huandikwa majina ya aina inazokinga. Canicola ipo. Icterohaemorrhagiae, ile ya panya wa New York, ipo. Aina iitwayo Kenya haimo.